Mawese ya Mgonjwa

Kwa miaka kumi na mitatu nilikaa nyuma ya dirisha la dawa la zahanati moja mjini Kigoma, na katika miaka hiyo niligombeza watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Niligombeza waliomeza dozi ya siku tatu kwa siku moja ili wapone haraka. Niligombeza waliokuja na mizizi mfukoni wakauliza kama inaweza kumezwa pamoja na klorokwini. Mtu akinisogelea ananuka dawa ya kienyeji, nilimkazia macho mpaka aniombe radhi bila kujua kosa lake. Majirani zangu wa Katubuka waliniheshimu, lakini walikuwa wakisema kwamba katika dawa zote za dirisha lile, kali kuliko zote ni ulimi wa mtoaji.

Nayasema haya mapema ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyekuja kumpa mama yake mzazi bangi kwa kijiko.

Mama alikuwa na saratani. Ilianzia kwenye titi, likakatwa, tukashukuru Mungu, tukala Krismasi mbili bila wasiwasi. Kisha ikarudi, ikaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Daktari aliyemwona alikuwa mtu mkweli. Aliniita pembeni akaniambia kazi ya kuponya imekwisha, iliyobaki ni kazi ya kumtuliza. Nilirudi dirishani kwangu nikaangalia nina nini cha kumtulizia mtu: panadoli, aspirini, na diklofenaki iliyokuwa ikiisha kila katikati ya mwezi. Nilijua kwa kusoma kwamba ipo mofini, na kwamba katika hospitali kubwa za mbali hufungiwa kabatini. Kwetu hata kabati lenyewe halikuwepo.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Walianza wa Burundi, halafu vita vikawaka Kongo, na boti zikawa zinashusha watu asubuhi baada ya asubuhi: akina mama na magodoro, wazee na mbuzi, watoto waliofungwa kamba kiunoni wasianguke majini. Watu wa ng'ambo hawakuwa wageni kwetu. Ukiwauliza watu wa Ujiji, wengi watakutajia bibi au babu aliyezaliwa upande ule wa ziwa. Lakini kuja kutembea ni jambo moja na kuja kwa kukimbia ni jambo lingine. Walipokelewa, wakaandikishwa, wakapandishwa malori hadi makambini, huko ndani kwenye misitu ya barabara ya Kasulu.

Katika watu hao alikuwemo mama mdogo, mdogo wake mama wa kuzaliwa tumbo moja. Aliolewa ng'ambo na mchuuzi wa samaki tangu mimi nikiwa darasa la nne, na baada ya hapo tulimsikia zaidi kuliko tulivyomwona. Barua yake ililetwa na dereva wa lori lililokuwa likipeleka mahindi kambini, jirani yetu wa mtaa wa pili. Ilikuwa fupi, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Yuko hai, ana wajukuu wanne na hana wa kumwachia, kwa hiyo hawezi kuja. Basi dada aje.

Mama aliniomba niisome mara tatu. Akasema, "Nitakwenda."

Siku hiyo tulikuwa tumeshindwa hata kumbadilishia shuka. Ugonjwa ulikuwa umefika mahali ambapo mkono wa mtu ukimgusa bega anapiga kelele. Tulimwosha kwa kitambaa chepesi, na kila tulipomaliza tulikuwa tumelia wote. Kuanzia saa sita mchana maumivu yalipanda pamoja na jua, na alikuwa akiuma ncha ya kanga mpaka ikatoboka. Wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa mtu wa dawa, na sikuwa na la kumpa isipokuwa vidonge vile vile nilivyompa mwenye mafua.

Nieleze pia alichokuwa anakitaka, maana hakutaka kuona uso wa mdogo wake tu. Kwetu Buha, wanawake waliopoteana wakikutana hawapeani mkono wakaishia hapo. Husimama, hushikana juu ya viwiko, hukumbatiana bega hili na bega lile, hupapasana mgongo na mikono huku wakiulizana habari za watoto, za mume, za ng'ombe, za mvua, mpaka wapita njia wachoke kuwatazama. Asiyesalimiwa hivyo hajasalimiwa. Mama alitaka kumsalimia mdogo wake amesimama, kwa mikono miwili, na yeye ashikwe. Mtu ambaye hakuvumilia uzito wa kanga alitaka kukumbatiwa.

Uani kwetu tulikuwa na mpangaji, mama mmoja wa Kikongo aliyeingia mjini mapema, kabla ya boti nyingi, akawa anauza dagaa sokoni. Alinipita umri mwaka mmoja au miwili tu, lakini alinizidi utani kwa mbali. Aliniita Dokta, akijua fika kwamba mimi si daktari na kwamba jina hilo linanikera na kunifurahisha kwa pamoja. Siku moja alisimama mlangoni na beseni lake kichwani akaniambia, "Dokta, minaona mama anaumia sana. Kwetu mama mukwe wangu alikuwaka na ile ugonjwa ya mifupa. Tulikuwa tunamupa bangi."

Nilimwambia kwamba nyumba hii ni ya watu wenye akili, kwamba mimi ni mtumishi, na kwamba nikisikia neno hilo tena atafungasha. Nilisema na mengine ambayo nayaonea haya mpaka leo, kuhusu watu wanaokaribishwa na kuleta tabia za kwao.

Alishusha beseni, akaninong'oneza kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Njo vile, Dokta," akasema, yaani ndivyo ilivyo, akaenda zake.

Ningeweza kuishi na hasira yangu mwaka mzima, kama si maneno ya mama. Ilikuwa mchana, maumivu yamempa nafasi kidogo. Aliniita mwanangu kwa Kiha, "Mwana wanje, chukua kalamu." Nikachukua. Akasema, "Mwandikie mdogo wangu kwamba nimekufa. Atalia mara moja, halafu atapumzika, hatanisubiri tena."

Niliandika "Mama mdogo mpendwa", nikashindwa kuendelea. Nilitoka uani na karatasi mkononi, nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilikasirikia dirisha langu, nikazikasirikia zile dawa, nikaikasirikia na elimu yangu yote.

Mfa maji haachi kutapatapa. Lakini mimi hata katika kutapatapa nilikuwa na kiburi, kwa hiyo sikumwendea mpangaji. Nilimwendea mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, mgonjwa wangu wa siku nyingi, niliyemjua kwa macho yake mekundu na niliyekuwa nikimsema kila mwezi. Alinipa kifurushi cha gazeti bila kuniuliza swali. Nafikiri alisubiri siku hiyo kwa miaka. Nikarudi nyumbani nikafanya kile ambacho Muha yeyote angefanya akipewa majani ya dawa: nikabandika sufuria, nikatia maji, nikachemsha mpaka yakawa rangi ya chai ya rangi, nikachuja, nikampa mama kikombe kizima. Kwetu dawa ni ya kuchemsha. Iwe ya tumbo, ya homa au ya jicho baya, inachemshwa na maji na kunywewa.

Mama alikunywa, akakunja uso, akatapika. Maumivu hayakusogea hata hatua moja. Nikajiambia, unaona? Upuuzi mtupu, kama ulivyokuwa ukisema siku zote. Karibu nifurahi.

Harufu ilinisaliti. Mpangaji alirudi kutoka sokoni, akasimama katikati ya ua, akavuta pumzi, akaanza kucheka taratibu. Alikuja jikoni akafunua sufuria.

"Na maji?" akaniuliza. "Dokta, umeipika na maji?"

Nikamwambia dawa zote hupikwa na maji.

"Bangi na maji haviskilizane," akasema. "Hii inataka mafuta. Tia ndani ya mawese, utaona."

Kisha akanitazama, na nikajua anangoja. Ilinibidi niseme. Nikamwomba radhi kwa yale niliyomtamkia, nikamwomba anifundishe. Hakunirefushia. Aliosha mikono, akaomba sufuria ndogo na mawese mazuri.

Mawese ndiyo damu ya Kigoma, hilo halihitaji kuelezwa. Kile ambacho hakijapikwa kwa mawese kwetu bado hakijapikwa. Aliyaweka juu ya mkaa mdogo, moto wa kuotea mikono tu, akayatia yale majani makavu yaliyobaki kifurushini, akakaa nayo akikoroga kama mtu anayebembeleza mtoto. Sheria ya bangi ilikuwa wazi na haikuwa na kifungu cha mgonjwa. Ningekamatwa, kazi ingekwenda, na mimi na yeye tungelala ndani, yeye akiwa na kosa la pili la kuwa mgeni. Alilijua hilo kuliko mimi. Aliwasha jiko la pili karibu na mlango akachoma dagaa wabichi mpaka mtaa mzima ukanuka ziwa, na hakuna pua iliyoweza kupita pale na kunusa kingine. Wageni husemwa kwa mengi, lakini Waswahili hawakukosea waliposema mgeni njoo mwenyeji apone.

Siku ya kwanza tulikosea kipimo. Nusu kijiko kilikuwa kingi. Baada ya saa moja na zaidi mama aliniuliza kwa upole ni nani ameingiza ng'ombe ndani, kisha akasema paa linatembea. Nilikaa nimemshika kifundo cha mkono nikihesabu mapigo, nikimwahidi Mungu kila kitu nilichokuwa nacho. Alilala saa tano mfululizo mchana wa jua kali. Alipoamka aliomba uji.

Tulipunguza mpaka ncha ya kijiko, asubuhi na mchana, ndani ya uji. Siku ya pili aliniruhusu nimwoshe mgongo. Siku ya nne aliketi. Siku ya saba niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameburuta mkeka wake mwenyewe hadi kivulini, anachambua mchele. Nikamuuliza, maumivu yamekwisha? Akafikiri. "Hayajaisha," akasema. "Yapo. Ila yamekaa kule, na mimi nimekaa huku."

Niliingia chumbani nikapiga magoti, nikacheka nimejiziba mdomo kwa mto. Sijawahi kushinda kitu maishani kama nilivyoshinda siku ile, na ushindi wenyewe haukuwa wangu.

Miaka mingi baadaye, kizazi cha baada yangu kilipoanza kuyazungumza mambo haya waziwazi, nilisoma kwamba ndani ya mmea ule mna vitu viitwavyo kanabinoidi, kwamba havikubali kuyeyuka ndani ya maji na hukubali mafuta, na kwamba hata mwili wa binadamu hujitengenezea vitu vya jamii hiyo, vya kutuliza maumivu yake. Nchi nyingine huvikamua na kuvitoa kwa matone, kwa cheti cha daktari. Nilisoma pia kwamba haviwafai wote, kwamba wapo wanaoambulia kizunguzungu tu, na kwamba wanaovuta tangu ujanani wapo wanaoharibikiwa akili. Hayo nayaamini, niliwaona dirishani. Simwambii mtu akapande. Dawa ile haikumponya mama, na baada ya miezi saba alitutoka. Nasema tu kwamba mpangaji wangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alijua yaliyo kwenye karatasi zile, na aliyajua akiwa na beseni la dagaa kichwani.

Basi mama alipoanza kutembea hadi mlangoni kwa fimbo, tukamwambia dereva wa mahindi. Alituombea kibali cha kuingia kambini. Kikaja kimepigwa muhuri kwa siku moja tu, Jumamosi. Angetuchukua mbele, kwenye kabini. Tulikuwa na chupa ya mawese ya mgonjwa imejaa nusu, na barabara ya Kasulu wakati ule ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na mashimo. Mpangaji alisema ile nusu chupa inatosha njia nzima kwenda na kurudi. Mvuvi wangu wa Kibirizi alikuwa ziwani, hakuna aliyejua lini angerudi, na mimi nisingethubutu kuomba mahali pengine.

Hapo ndipo anapoingia shangazi, dada wa marehemu baba, aliyekuja kutoka Mwandiga kunisaidia kuuguza. Shangazi ni mtu wa kanisa mpaka ndani ya mifupa. Sikumwambia lililomo kwenye chupa. Niliona haya. Nilimwambia tu, "Shangazi, haya ni mawese ya mama, yasiguswe na mtu." Nilidhani hapo nimemaliza.

Alhamisi mchana, nikiwa kazini, walikuja watu wa jumuiya kumwona mgonjwa: akina mama sita na katekista. Na kwetu anayekuja kumwona mgonjwa haondoki na tumbo tupu. Ni kumwaibisha mgonjwa. Shangazi alikuwa na maharage yameiva. Akatafuta mawese. Yapo ya nyumba, yamebaki kidogo na yana masimbi, yale mashapo ya chini. Yapo ya mama, mekundu, mazuri. Sasa hawa ni wageni wa nani? Wa mama. Basi cha mgonjwa ndicho cha wageni wa mgonjwa. Ndivyo alivyolelewa, na hata mimi ndivyo nilivyolelewa. Akamimina chupa yote.

Nilipofika getini saa kumi sikusikia rozari, nikasikia kicheko. Akina mama wawili walikuwa wameketi wakimtazama kuku wetu mmoja na machozi yanawatoka kwa kucheka. Mwingine alikuwa akimsifia shangazi ugali, akiomba wa tatu. Watatu walikuwa wamelala mkekani wamepangana vizuri. Katekista, mtu mwembamba na mkali, ambaye mgongo wake ulimsumbua kiasi cha kuhubiri ameegemea ukuta, alikuwa ameketi wima na rozari mkononi, anatabasamu. Shangazi alisema alianzisha fungu la pili na hakulimaliza.

Niliiona chupa tupu juu ya kinu.

Nilimwingiza shangazi chumbani nikamwambia ukweli wote. Alikaa kitandani, akajishika mashavu. Alikuwa amekula na yeye, sahani mbili. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama hilo ni la kuungama. Nikamwambia la kuungama ni langu, mimi niliyefanya siri ndani ya nyumba ya watu wazima. Kisha nikaketi kando yake. Keshokutwa ndiyo Jumamosi. Chupa tupu, kibali cha siku moja, na kule kambini mtu anasubiri.

Mama alikuwa amelala nyuma ya pazia na kumbe alisikia kila neno. Nikasikia mkeka unatikisika. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, kwa uangalifu, ameshika ubavu. "Wamekuja kuniombea," akasema, "wakanilia dawa."

Wageni walirudiwa na akili kidogo kidogo jua likishuka, wakaaga kwa heshima, wakasema leo Roho ameshuka nyumbani humu. Sikuwapinga.

Ni mpangaji aliyeuliza swali la maana. Alirudi kutoka sokoni, akasikiliza habari yote, akapiga makofi, kisha akasema, "Maharage yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki. Shangazi hupika kama mtu anayetarajia harusi. Zaidi ya nusu sufuria ilikuwa pale, imetulia, na juu yake mawese yameganda mekundu. Nilikitazama kile chakula kwa namna ambayo sijawahi kuitazama dawa yoyote. Mpangaji alichukua vijiko viwili, akala, akaketi uani anatungoja tuone. Baada ya muda akasema miguu yake imeanza kuwa ya mtu mwingine, hivyo kijiko kimoja kidogo kinamtosha mgonjwa. Ijumaa tulimpa mama kijiko kimoja asubuhi na kimoja mchana. Maumivu yakakaa kule, na yeye akakaa huku. Tukayachemsha yaliyobaki yasichache, tukayafunika.

Ijumaa hiyo hiyo jioni katekista alipiga hodi. Nikajua yamekwisha, na nikaanza kutafuta maneno. Alisimama wima mlangoni. Aliamkiana na shangazi, akauliza hali ya mgonjwa, akazungukazunguka, mwishowe akasema kwamba hajalala vizuri namna ile tangu enzi za ujana, alipojengewa nyumba na wazazi wake, na kama si vibaya, angependa kujua yale maharage ni mbegu gani.

Shangazi hakupepesa macho. "Ni ya Mwandiga," akasema.

Jumamosi alfajiri tulimvika mama gauni la kitenge na kanga mbili, tukampa kijiko cha maharage, tukampandisha kabini. Mimi nilibeba sufuria mapajani. Niliwahi kubeba sanduku la chanjo kwa uangalifu mdogo kuliko ule. Lori lilivuka Mwandiga, likaanza kupanda, na barabara ikaanza kufanya ilichotaka. Katika kila shimo nilimtazama mama usoni. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka, lakini hakuuma kanga. Tulipofika nusu ya njia tulisimama chini ya kilima. Nikampa kijiko cha pili, na dereva, aliyekuwa hana habari yoyote, akasema maharage hayo yananukia, je hakuna kidogo cha kaka? Nikamwambia hakuna. Alinuna mpaka daraja la mbele.

Kambini walikagua kibali, wakatuelekeza. Lori lilitushusha njia panda, na kutoka pale hadi safu ya vibanda vya mama mdogo ilikuwa kama kutoka kanisani hadi sokoni kwetu, si mbali kwa mwenye afya. Nilisema nitafute watu wawili wambebe. Mama akasema hakusafiri njia yote hiyo ili aingie kwa mdogo wake kama gunia. Alitembea. Fimbo, mguu, mguu. Alipumzika mara mbili, akatazama vibanda vya turubai vilivyopangwa mpaka macho yanakoma, akasema tu, "Watu wote hawa," kisha akaendelea.

Mama mdogo alikuwa akipepeta unga nje. Alijua tunakuja, lakini hakujua hali. Mama alinikataza kumwandikia anaumwa nini. Mdogo wake aliinua kichwa. Ungo ukamtoka. Alikuja mbio, mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, miguu mitupu, mikono yote miwili iko mbele, na mimi nikaona litakalotokea. Nikaita, "Mama mdogo, pole pole, mifupa yake," na hakunisikia, au alisikia na haikumwingia.

Alimkamata mama juu ya viwiko. Akamvuta kifuani. Nilijikaza mwili mzima kungoja kile kilio nilichokijua.

Mama alitupa fimbo. Aliweka mikono yake mgongoni kwa mdogo wake, akaanza kumpapasa kuanzia mabegani kushuka chini, akasema kwa Kiha habari za watoto. Mama mdogo akasema wapo, wanne, wa marehemu binti yake. Bega la pili. Habari za mume? Alibaki majini. Mama akampapasa zaidi. Habari za ng'ombe? Hawapo tena. Habari za mvua? Mvua imenyesha, dada, hata huku imenyesha. Na wewe, mama mdogo akauliza, habari za mwili? Mama akasema, "Mwili upo. Nishike vizuri, upande huu bado."

Na akamshika vizuri. Wajukuu wanne walisimama wakitazama, majirani wakatoka kwenye turubai zao, mwanamke mmoja akaanza kulia bila kuwafahamu. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti mbele ya watu, na sikujali. Huko njia panda dereva alianza kupiga honi. Tulikuwa tumeacha kikapu na sufuria ndani ya kabini, na mahindi yake yalikuwa yanasubiriwa ghalani. Akapiga tena, ndefu. Nilirudi hadi kwenye lori, nikamwambia azime injini, kwa sababu wazee wawili bado wanasalimiana. Akaizima.